Nzuri Sana, Kitabuni

Jumamosi, kwenye kikao cha wazazi cha sekondari moja ndogo pale Igogo, baba mmoja alinishika mkono tukiwa bado nje, mate yakimruka. "Mwaka mzima watoto hawana mwalimu wa fizikia! Maabara wamejaza mahindi! Hii ni shule au ghala?"

Tukaingia ofisini kusaini kitabu cha wageni. Kwenye nafasi ya maoni, baba yule yule akaandika "Nzuri sana," akapuliza wino ukauke.

Nyuma yake alikuwapo mama mmoja wa makamo. Yeye akaandika polepole: "Mwalimu wa fizikia yuko wapi?"

Mkuu wa shule akasoma, akatabasamu. "Mama, hapo ni pa maoni. Hebu ona wenzako walivyoandika."

"Nimeona," mama akajibu. "Ndiyo maana mwalimu haji."

Mkuu akaanza kumfunulia kurasa za nyuma: nzuri, nzuri, nzuri sana. Damu ikanichemka. Nilitaka kuwafokea wote mle ndani: mkaguzi akija, atasoma nini? Kabla sijafumbua mdomo, kidole cha mkuu kikatua kwenye ukurasa wa mwaka jana, juu ya mwandiko wangu mwenyewe: "Nzuri."