Tomaso wa Akwino na Swali la Mama

Ukumbi wa katekisimu ulinukia nta ya sakafu na samaki wa kukaanga, kwa sababu chini yetu, pale mtaani South Beach, kando ya bahari, palikuwa na duka la chipsi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Mimi na mama tulikuwa wakimbizi kutoka Uvira. Mdogo wangu alizaliwa safarini, na tulimzika njiani kabla hajabatizwa. Tangu hapo mama hakulitaja jina lake.

Mwalimu wetu, Mtanzania aliyeitwa Kasimiri, alimpenda Mtakatifu Tomaso wa Akwino kupita kiasi. Alitusimulia kwamba mtawa huyo wa kale, mnene na mkimya hadi wanafunzi wenzake wakamwita ng'ombe bubu, hakuogopa swali lolote: aliandika kwanza hoja za wanaompinga, ndipo akajibu. Nilifurahi mno. Nikanyoosha mkono, nikauliza mtoto aliyekufa bila ubatizo anakwenda wapi.

"Eish! Hapa tunajifunza, hatubishani," alifoka. Akanitoa nje, akasema komunyo ya kwanza nitaisubiri mwaka mwingine. Nilisimama kwenye ngazi kwa hasira. Si yeye mwenyewe aliyetusifia maswali?

Nyumbani nilimweleza mama. Aliacha kukanda unga, akanawa mikono. Jumapili iliyofuata aliingia ukumbini na kitenge chake cha kanisani, akasimama mbele yetu sote.

"Mwalimu, ile swali ni yangu. Mtoto wangu iko wapi?"

Mwalimu Kasimiri alifungua kitabu, akakifunga. "Mama, hilo umuulize padri."

"Padri aliniambia nisali. Nimesali, Mwalimu."

Mwalimu alituambia tufungue ukurasa wa amri kumi. Mama akanishika mkono, tukatoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani.

Nilipofika chuo nilimsoma Tomaso mwenyewe, nikakuta jibu lake: mtoto kama yule hateseki, ila hamwoni Mungu. Nilikifunga kitabu kwa uchungu. Sikumwambia mama.

Siku hizi binti yangu anasoma katekisimu katika kitongoji cha Queensburgh, kwa mwalimu kijana, mpole. Watoto wanauliza lolote. Mwalimu huwaambia, "Swali zuri sana," kisha anafungua ukurasa unaofuata. Sisi tulifukuzwa kwa swali letu, wao wanapongezwa. Mama hunisindikiza kumchukua mjukuu wake. Nikiegesha gari mbele ya kanisa, nashuka peke yangu.