Sitara Aliolewa Msimbazi Akiwa Marekani

Uliona. Usiniletee "mimi sikujua." Uliona, ukageuza shingo, ukaendelea kutafuna mnofu.

Pilau ile uliila Msimbazi, kwenye harusi isiyo na bwana wala bibi. Wote wawili walikuwa Marekani. Shemeji yangu Bushiri, baba wa binti, kampa mkono Abdulrazak, kaka wa bwana harusi aliyekaa kwa niaba yake. Shehe akafungisha. Simu imeegemezwa kwenye jagi ili maharusi waone huko waliko; humo ndimo ulimwona bibi harusi analia.

Ndoa halali, sina neno. Neno langu linaanza sahani zilipooshwa.

Sitara ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuwa anasomea uuguzi, kabakiza mwaka. Kule aliingia kwa kibali cha mwanafunzi. Mumewe, Adamu, ni mkazi wa kudumu.

Mkazi. Siyo raia!

Lakini mtaa mzima mkaimba: "Kashaula huyo, makaratasi kashapata!"

Makaratasi gani? Mke wa mkazi anaombewa ukazi na mumewe, halafu anakaa foleni. Na akiwa kwenye foleni, kinachomweka kule kihalali ni chuo kilekile. Akiacha darasa, hana pa kusimama.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nafungua belo la viatu vya mitumba pale sokoni Mchikichini, namwona Sitara mbele yangu na begi. Uso umemshuka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. We! Umetokea wapi?"

"Kibali kimekufa. Wakili kasema bora nirudi, nisubirie huku."

Habari ikafika mtaani kabla yetu. Wanaume wakamvamia Abdulrazak kwenye duka lake la vyombo Kariakoo. Bushiri mbele, kanzu kaikunja. Mimi na Sitara tukawafuata mbio.

"Mdogo wako tapeli! Kamchezea binti yangu, kamtupa!"

"Mzee, punguza jazba."

"Jazba? Leo hizi sahani utaziokota vigae!"

Na wewe ulikuwepo. Umeinua simu, unarekodi.

Abdulrazak hakubishana. Akatoa simu yake, akaweka sauti ya Adamu, aliyotumiwa wiki ileile ya harusi:

"Kaka, nisaidie. Sitara kaambiwa aache chuo. Mwambie mzee mimi siyo raia, ombi langu litachukua muda. Mke wangu akitoka darasani, namkosa."

Hata wasukuma mikokoteni walisimama.

"Nilikuletea sauti hii mpaka kwako, mzee," Abdulrazak akasema. "Ukanijibu eti mambo ya binti yako unayajua wewe."

Nikamgeukia Sitara. "Sema mbele ya hawa. Nani alikutoa chuo?"

Akamtazama baba yake. "Baba. Alisema mke wa mtu hakai darasa moja na wanaume. Nikamwambia kibali kitakufa. Akasema nisipoacha, sina radhi yake."

"Nilikuwa nalinda heshima!" Bushiri akafoka.

"Heshima ya nani, shemeji? Dada yangu ulimtoa kwenye mafunzo ya ukunga kwa maneno hayohayo. Ulidhani nimesahau? Nimemzika dada, sijayazika maneno yako!"

Bushiri akaikunjua kanzu, akaondoka. Na nyie mliokuja kuvunja duka la watu, ghafla kila mmoja akakumbuka ana safari yake.

Hakuna aliyemwambia Sitara pole.

Sasa anapanga viatu vya mitumba na mimi. Uuguzi umeishia njiani. Mume anamwona kwenye kioo cha simu. Ombi lipo, foleni haisogei, na hakuna anayejua lini. Simu ya baba yake ikiita, anaifukia chini ya viatu.

Shika hili: shehe anafungisha ndoa, hafungishi uhamiaji. Na radhi ya baba haipokelewi kama kibali kwenye nchi ya watu. Anayemtumia mtoto radhi kama fimbo, huyo ndiye wa kuogopwa, hata kama umekula kwake ukashiba.

Una dada, binti, mpwa kule? Weka hicho kikombe chini, umpigie. Usimuulize shemeji hajambo. Muulize: umeingia darasani? Kama hajaingia, aende leo hii kwenye ofisi ya chuo inayoshughulika na wanafunzi wa kigeni, kisha kwa wakili wa uhamiaji. Na anayemkataza, mfuate umkabili mbele za watu, hata awe baba mzazi.

Bado unasoma? Piga simu!