Mtu wa Tisa Katika Orodha ya Ubatizo

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi. Mzee wa miaka themanini na mbili anavua viatu, anavipanga sambamba juu ya jiwe, anakaza mkanda wa suruali na kuingia mtoni. Mkononi ana fimbo ndefu iliyochongwa kwa kisu alama tatu: goti, kiuno, kifua.

Anakwenda taratibu, fimbo ikitangulia. Ikigusa jiwe lenye utelezi, anainama, analing'oa na kulitupa kando. Maji yanapofika alama ya kiuno, anasimama. Hapo anachomeka vigingi viwili. Kesho, baada ya ibada, mchungaji atasimama kati ya vigingi hivyo na kubatiza.

Kanisa lao ni la Kibaptisti. Halinyunyizi maji, humzamisha mwamini mzima mzima. Kwa miaka arobaini na sita, tangu alipowekwa kuwa shemasi, mkulima huyu ndiye mpima mto. Daftari la kanisa linataja watu mia sita na kumi na mmoja waliozamishwa mahali alipopima yeye. Hakuna hata mmoja aliyeteleza.

"Wa kesho ni saba," anasema huku akikamua miguu ya suruali. "Wa saba ni mimi."

Kisa chake kilianza akiwa na miaka ishirini na minne. Walikuwa tisa kwenye orodha, naye alikuwa wa mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mto umejaa. Msichana aliyekuwa wa nane alizamishwa, akainuka, akakanyaga jiwe na kuchukuliwa na maji.

Kijana wa tisa hakungoja kuambiwa. Alijitosa, akamkamata kwenye kona ya mto na kumtoa akiwa hai. Ukingoni palikuwa na vilio, nyimbo na mablanketi. Mchungaji wa wakati ule alihesabu watu waliolowa. Akapata tisa. Akaandika tisa.

"Nililowa kuliko wote," anasema shemasi. "Ila hakuna aliyenishika mkono wala kutamka neno lolote juu yangu."

Msichana yule ndiye aliyekuja kuwa mkewe. Yeye peke yake ndiye aliyeijua siri hiyo, na hakuacha kumtania: "Mume wangu ni mpagani anayelowa kushinda Wakristo wote."

Kwa nini hakusema? Mzee anaifuta fimbo yake maji.

"Siku ile niliona aibu kuharibu furaha ya watu. Mwaka ule nikasema nitasema. Kisha wakanipa ushemasi, na kila Jumapili ikawa ngumu kuliko iliyotangulia."

Shamba lake ni ekari moja na nusu ya mahindi na maharage; mwaka jana lilimpa magunia tisa. Kwa zaidi ya nusu karne walipanda wawili: yeye mbele na jembe, akichimba mashimo; mkewe nyuma na mbegu. Mume akipitiwa, mke humrudisha: "Umeruka shimo, mzee." Naye hurudi bila ubishi, kwa sababu pengo likiachwa shambani litaonekana na kila mpita njia hadi mavuno.

Mkewe alifariki mwaka jana. Siku mbili kabla ya kufumba macho alimwita karibu na kitanda. "Mzee," alimwambia, "lile shimo bado umeliruka."

Wiki tatu zilizopita, katika mkutano wa kanisa, shemasi alisimama, akaweka mezani ufunguo wa kabati la vikombe vya Meza ya Bwana na kueleza yote. Kijana mmoja akajaribu kupunguza uzito wa jambo: "Mzee wetu, maji uliyokunywa siku ile yanatosha." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nilimzuia kaka yangu wa tumbo moja asiikaribie Meza ya Bwana kwa sababu hakuwa amezamishwa," aliwaambia. "Alikufa bila kuishiriki. Mimi nilikuwa nashiriki. Mnataka sheria ile iwe yake peke yake?"

Mchungaji wa sasa, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, aliupokea ufunguo na kuandika jina lake mwisho wa orodha.

Kilichobaki ni kifua. Mwaka huu amelazwa mara mbili kwa nimonia, na muuguzi wa zahanati amemwonya waziwazi: maji baridi yanaweza kumrudisha wodini, na safari hii huenda asitoke.

Binti yake mkubwa, fundi cherehani ambaye ndiye hushona kanzu za ubatizo, anashuka ukingoni na blanketi. Kanzu ya baba yake iko tayari. Ameshonea nati za chuma kwenye pindo ili isielee.

"Baba, tujaze pipa kwenye ua wa kanisa. Nitachemsha maji mwenyewe."

"Mimi si nguo za kufua, mama."

"Nimeshamzika mmoja, baba."

Mzee anamwacha amfunike mabega. "Najua," anasema hatimaye. "Wote mia sita niliwaambia maji ni ya baridi lakini hayachukui muda. Nikikimbilia pipa, nitakuwa niliwadanganya."

Binti anavitazama vigingi. Baba yake amepinda kwa uzee. Maji ya alama ya kiuno sasa yanamfika mbavuni. "Basi angalau visogezwe karibu na ukingo."

Shemasi anafikiri, kisha anamkabidhi fimbo. Haijawahi kushikwa na mtu mwingine.

"Pima wewe. Anayebatizwa hajipimii."

Mwanamke yule anavua viatu, anavipanga karibu na vya baba yake na kuingia majini. Anang'oa vigingi, anavirudisha hatua mbili. Mzee hapingi.

Hataudai tena ule ufunguo, anasema. Wenye nguvu wapo. Ana ombi moja tu kwa mchungaji.

"Kesho asihesabu waliolowa. Anishike mkono, ataje jina langu, anizamishe. Nikiinuka, ndipo ahesabu."