Sanduku la Matambara

Studio yetu ilikuwa stoo ya zamani ya chakula cha kuku, pale Thika, upande wa Landless. Tulikaa humo miaka, na bado mvua ikinyesha harufu ya pumba na omena ilifufuka kutoka sakafuni. Tulikuwa watu watatu. Mimi, mwenzangu mmoja ambaye ni mama wa watoto wawili aliyetoka upande wa Kakamega kuja kufanya kazi kiwanda cha nguo, na mwanamume wa makamo aliyesomea uchoraji hadi ng'ambo, ambaye ndiye aliyetukusanya. Tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki mbele yetu.

Siku za wiki nilikuwa duka la vitabu Ruiru, nikitoa fotokopi na kuuza kalamu. Jumamosi mchana nilifunga, nikaenda Thika, na mpaka jioni nilikuwa mtu mwingine. Dukani watu waliniambia, "Madam, harakisha." Kule niliulizwa, "Umeona nini wiki hii?" Hakuna mtu mwingine maishani mwangu aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Mwalimu ndiye aliyenifundisha kwamba picha ya kibao, ile unayoichonga kwenye ubao kisha kuichapa kwa wino, huanzia kwa mbao, si kichwani. Plaiwudi hafifu huchanika nyuzi ukipitisha patasi. Mbao za mubariti, ile miti inayopandwa kwenye mipaka ya mashamba ya kahawa, zina mistari mizuri, lakini zisipokauka sawasawa zitajipinda na kukuachia kazi nusu. Alinionyesha namna ya kunoa patasi, kuisukuma kwa mkono mmoja na kuiongoza kwa vidole vya mkono wa pili, na kutouweka mkono wowote mbele ya makali. Wino wetu ulikuwa ule wa mafuta wanaotumia watu wa kuchapa kalenda. Tuliutandaza juu ya kioo kwa rola mpaka uanze kulia, sauti ndogo kama ya kitunguu kikaangoni, ndipo tuupake kwenye kibao, tulaze karatasi juu yake na kuisugua mgongoni kwa tumbo la kijiko. Mashine hatukuwa nayo. Mashine ilikuwa bega.

Kwa usafi alikuwa mkali. Mafuta ya kupikia kwanza, yalegeze wino, halafu tambara lenye mafuta ya taa kidogo, halafu sabuni. Hukuondoka ukiwa umeacha kioo kichafu. Kila mtu alisafisha pembe yake na hakugusa ya mwenzake. Vumbi la mbao tulilifagia tukampa mama wa jirani aliyefuga kuku, na kwa hilo alituvumilia.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulibandika kazi ukutani. Mwenye kazi alinyamaza mpaka wengine wamalize kuongea. Mwenzangu alisema mambo machache, kwa sauti ya chini, na mara nyingi alikuwa sahihi. Mwalimu alisimama karibu sana, miwani kwenye paji la uso, akaweka kidole bila kugusa. "Hapa uliogopa," angesema. "Ona, patasi imesita." Au: "Hapa umeacha mbao iongee. Vizuri." Nililala na maneno hayo wiki nzima.

Na kila Desemba tulipeana. Kila mmoja alichagua chapa yake iliyotoka safi kuliko zote mwaka huo, akaitia sahihi kwa penseli, akampa kila mwenzake moja. Mwalimu alipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Alikwenda nayo dirishani, akaiangalia, akasema, "Hii nitaiweka mahali pake."

Mama yangu alichuma kahawa maisha yake yote katika shamba moja kubwa la Ruiru, mpaka mikahawa ikang'olewa na vigingi vya ploti vikasimama badala yake. Alipofariki nilikaa muda mrefu bila kushika patasi. Nilipoishika tena, nilimchonga yeye. Nilimchonga ameinama, kikapu kiunoni, kitambaa kichwani, uso umegeuka pembeni kama mtu aliyeitwa jina. Majani ya kahawa yalinichosha kuliko uso. Yana mawimbi pembeni, na mama alikuwa akiyashika hivi, kwa vidole viwili, kuyasogeza ili aone tunda. Kila jani nililikata nikikumbuka vidole hivyo.

Kwa kazi ile sikutumia karatasi ya dukani kwetu. Nilitafuta ya pamba, nene, laini kama shuka lililofuliwa miaka mingi. Nilitoa nakala chache tu nzuri, kisha kibao kikapasuka, ufa ukampita mama katikati ya mgongo. Nikakubali. Sikuwa na nguvu ya kumchonga mara ya pili.

Desemba hiyo nilimpa mwenzangu moja. Aliiangalia kwa muda, akasema, "Huyu si mama yako peke yako." Nilimpa Mwalimu nyingine. Alikaa nayo dirishani mpaka mwenzangu akaanza kuvaa sweta ya kuondoka.

"Sasa umefika," aliniambia. "Hii, hii nitaiweka mahali pake."

Nilirudi nyumbani kwangu Gitothua jioni hiyo nikitembea kama mtu aliyevishwa nguo mpya.

Baadaye mwenye stoo aliuza kiwanja. Wanunuzi walitaka kujenga fleti, kama kila mtu, na tukaambiwa tuhame kabla mwezi haujaisha. Mwalimu alipata mahali pengine, gereji ya rafiki yake mmoja mhadhiri kule Kahawa Sukari. Jumamosi ya kuhama alienda huko asubuhi kuangalia mlango unavyofungwa, akatuachia sisi wawili usafi. "Fagieni kila kitu," alisema kwa simu. "Hata kwangu. Sina siri."

Basi tukafagia. Mwenzangu alikuwa akikwangua wino uliokauka kwenye meza, mimi nikaingia chini ya meza ya Mwalimu. Kulikuwa na sanduku la mbao ambalo sote tulijua ni la matambara yake. Nililivuta. Lilikuwa limeoza chini kwa mafuta, kitako kikaachia, na vitu vyote vikamwagika miguuni mwangu.

Kulikuwa na matambara, ndiyo, lakini mengi yalikuwa karatasi. Zilikuwa zimekatwa kwa kisu, vipande sawasawa vya ukubwa wa kiganja, vimelowa mafuta na wino mweusi. Nilidhani ni makaratasi ya majaribio, yale ya kupigia chapa ya kwanza kuona kama wino umetosha. Nilianza kuvitia guniani kwa mikono. Halafu nikaona jani la kahawa.

Mtu huyajua majani aliyoyachonga. Niliketi pale chini, nikaanza kutafuta. Nilipata vidole viwili. Nilipata ukingo wa kikapu. Nilipata kitambaa cha kichwa na shavu, na juu ya shavu alama ya mtu aliyefuta kidole gumba. Chini yake zilikuwa chapa zangu zingine: wanawake wangu wa soko la Thika, mvua yangu, hata birika, kazi yangu ya kwanza kabisa, ambayo niliitia sahihi nikiona haya.

Nilipoinua kichwa mwenzangu alikuwa amesimama na kikwanguo mkononi.

"Wachana na hizo," alisema. "Weka tu kwa gunia."

Ni vile alivyosema. Hakuuliza ni nini.

"Ulijua?"

Aligeuza kikwanguo mkononi.

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilipata zangu," akasema. "Kitambo. Alinituma kitambaa, nikafungua hilo sanduku."

"Na ukaendelea kumpa?"

"Nikawa nampa zile zimeharibika. Hakuwahi kuona tofauti. Zile nzuri nabeba nyumbani."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unafurahi, dada," akasema. "Sasa ningeanzia wapi?"

Nimejaribu mara nyingi kuelewa jibu hilo kwa wema. Najua alikuwa na huruma. Lakini alijilinda kwa ujuzi ambao mimi hakunipa. Desemba baada ya Desemba alisimama pale akinitazama nikitoa mkobani mwangu ile nakala bora, akijua inaenda wapi, na yeye ameshika mkononi iliyoharibika. Hata ya mama.

Niliviweka vipande mezani, nikaanza kumpanga mama. Hakukamilika. Jicho halikuwepo, wala sehemu kubwa ya mkono wa kushoto. Tulikuwa hivyo, mimi nikipanga na mwenzangu akiangalia sakafu, Mwalimu alipoingia na ndizi kwenye mfuko.

"Mmefika wapi?" akauliza kwa uchangamfu. Kisha akaona meza. "Ah. Hizo."

"Huyu ni mama yangu," nikasema.

"Najua ni mama yako. Ilikuwa kazi nzuri."

"Sasa mbona umemkata?"

Aliweka ndizi chini, akavuta kiti, akakaa. Hakuonekana mtu aliyeshikwa. Alionekana mtu aliyechoka, ambaye angalitaka kunywa maji kwanza.

"Unajua nimepewa chapa ngapi tangu nianze kazi hii?" akasema. "Kila mwanafunzi, kila rafiki. Ningeziweka wapi zote? Nimeiangalia, nimeona kilichomo, imekwisha. Ikishaonwa ni karatasi, na karatasi ni karatasi." Halafu akaongeza, na naamini kabisa alidhani ananiliwaza: "Na karatasi yako ni nzuri sana. Inanyonya mafuta kuliko kitambaa."

Mwenzangu alisema, "Aki, Mwalimu."

"Ungenirudishia," nikasema.

"Ungeumia."

"Uliniambia nimefika. Uliniambia utaiweka mahali pake."

"Ulitaka nikwambie nini?" Sasa sauti yake ilipanda kidogo. "Mtu anayeanza hawezi kulishwa ukweli kila wiki. Anaacha. Mimi sikutaka uache."

"Miaka yote hiyo nilikuwa naanza?"

Alivunja ndizi moja kutoka kwenye kichane, akamnyooshea mwenzangu, na mwenzangu akaipokea.

"Usiifanye kubwa," akaniambia Mwalimu. "Tuna kazi, gari la kubeba vitu litakuja saa hizi."

Nilikunja patasi zangu kwenye kitambaa cha kuzihifadhia. Nilichukua rola yangu na kijiko. Vipande vya mama nilivifunga kwa gazeti, na mafuta yakapenya hata hivyo, yakaharibu mkoba. Kioo changu nilikiacha mezani, na wino wa wiki iliyopita juu yake. Hakuna aliyeniita nikivuka mlango. Nilisimama barabarani kidogo, nikidhani labda mmoja wao ataniita.

Walihamia Kahawa Sukari wawili. Niliona picha zao kwenye grupu ya WhatsApp: ukuta mweupe, taa nzuri, wanafunzi wa chuo wameketi sakafuni wakimsikiliza, mmoja ameshika chapa kwa mikono miwili. Nikatoka kwenye grupu. Mwalimu hakupiga simu. Sidhani alinichukia. Nadhani aliona nimefanya kile alichojua siku zote nitafanya, kuacha, na kwamba yeye alijitahidi kukichelewesha.

Mwenzangu alikuja Gitothua baadaye, Jumapili baada ya kanisa, amevaa gauni lake la kijani la kwaya. Alikuwa amebeba nakala yake ya mama, imezungushwa kwa gazeti na kufungwa uzi. Ilikuwa safi, pembe zote nne zimenyooka, haijapata hata vumbi.

"Nimekuletea," alisema. "Niliona wewe ndiwe unafaa kukaa nayo."

"Asante," nikasema, nikaipokea.

Tulikaa. Aliniuliza habari za duka, nikamjibu. Nikamuuliza za watoto, akanijibu. Aliangalia mlango wa jikoni mara moja, bila kutaka nione. Sikumwekea chai. Mgeni wa Jumapili, aliyetoka mbali, na jiko langu likiwa na gesi na maziwa yakiwa ndani. Nilikaa nikiyafikiria yale maziwa na sikuinuka. Mwishowe akasema wacha aende, watoto wako peke yao, na nikamsindikiza hadi kwenye ngazi tu. Nikamsikiliza akishuka ghorofa zote. Siku hizi hatupigiani simu.

Watu wangu wa nyumbani husema nimekasirikia karatasi. Karatasi nilishaisamehe. Ninachoshindwa kusamehe ni maneno. Usiku na mchana hunirudia, kila neno alilosema akiwa na miwani kwenye paji. "Hapa umeacha mbao iongee." Lilikuwa kweli, au lilikuwa la kunifanya nirudi Jumamosi? "Hapa uliogopa." Hilo nadhani lilikuwa kweli, maana liliuma, lakini sasa hata maumivu siyaamini. Chapa ya mama iko kabatini na sijui kama ni nzuri. Naitoa, naiangalia, namwona mama, na namwona tu kwa sababu namjua. Jicho lake Mwalimu lilikuwa jicho la kweli, hilo sitalikana. Alikuwa akiona. Aliona, akatumia.

Bado nachonga. Nachonga kwenye meza ya jikoni, na chapa naanika juu ya paa la fleti, pamoja na nguo za wapangaji. Juzi nilitoa picha ya wajenzi wa ploti ya jirani, wanaume wanaopandisha mawe kwa kamba, na rangi yake nyeusi ilikaa vizuri, au nilidhani imekaa vizuri. Jirani wa ghorofa ya pili alipanda na karai la nguo za mtoto. Alisimama mbele ya picha, akainamisha kichwa upande mmoja, na mimi, mtu mzima, nikajikuta nimeshika pumzi.

"Hii rangi inatoka?" akauliza. "Isije ikanichafulia nguo."

"Ni mbichi bado," nikasema.

"Basi si uisongeze huko mwisho."

Nikaisogeza.