Maua ya Kupata Kadi

Kabla ya maua, mbele ya nyumba yetu ya Tshopo palikuwa na sombe, muhogo wa majani ya mboga. Baba aliing'oa yote, miaka ile ya hamsini, mama akimtazama mikono kiunoni, kisha akapanda hibiscus. Alikuwa anaomba kadi waliyopewa Wakongo waliosemekana wamestaarabika, na mwombaji alikaguliwa nyumbani kwake: vitanda, uma za mezani, choo, bustani ya maua. Sombe tuliyokula haikuhesabika kuwa bustani. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Lakini baba hakuitaka kadi kwa kujivuna. Mdogo wangu, kitindamimba, alikuwa na ugonjwa wa damu, viungo vikimvimba na kumuuma, na baba aliamini kadi ingemfungulia mlango wa hospitali ya Wazungu.

Maua yalichanua mvua zilipopungua, na chozi wakaja, ndege wadogo wa mdomo uliopinda, madume waking'aa kijani. Walining'inia kwenye ua, wakatumbukiza mdomo na kunyonya. Kila asubuhi mama alimlaza mdogo wangu mkekani, barazani, naye akawatazama mpaka akasahau magoti yake. Usiku wa maumivu aliuliza tu kama watarudi. Nilimpenda mno kwa swali hilo.

Asubuhi ya ukaguzi baba akakumbuka chale. Bibi alikuwa amemchanja mtoto chale kifuani, dawa ya kwao, na kumfunga uzi kiunoni. Mkaguzi akiviona, kadi imekwenda. Baba akambeba hadi jikoni, kibanda cha nyuma.

"Papa, huku ndege haiko," mtoto akasema.

"Vumilia, mutoto yangu. Leo tu."

Akafunga mlango.

Mzungu akaja na karani wake. Wakahesabu uma, wakabonyeza magodoro, wakachungulia choo. Tulidhani wamemaliza. Kumbe Mzungu amewaona chozi! Akapendezwa, akaomba kiti, akakaa bustanini akiwatazama weee, mpaka jua likawa la utosi. Sisi tulisimama nyuma yake tukitabasamu. Mama alipogeukia upande wa jikoni, baba alimshika mkono.

Walipoondoka mama alikimbia. Kibanda kilikuwa moto kama tanuri, na mtoto alikuwa anachemka homa, midomo imemkauka. Tulimrudisha barazani. Chozi walikuwapo, palepale mbele yake, lakini hakugeuza kichwa. Alikufa wiki ileile.

Kadi ilifika matanga yameshakwisha. Baba aliiweka mezani. Mama aliitazama.

"Bon," akasema. "Sasa utapeleka nani?"

Kesho yake mama aling'oa hibiscus, akapanda sombe, na hakuna aliyemzuia. Chozi walikuja asubuhi chache, wakazunguka pale palipokuwa na maua, kisha wakahamia mtaa wa Wazungu. Wao hawakuulizwa kadi.