Magunia Manane na Mtu Mmoja Mnene

Mwaka ule mashine ya yaya ilikufa injini na gari lake likaoza bodi, vyote viwili karibu katika wiki moja. Yaya ni dada yangu mkubwa. Mashine ilikuwa ya kusaga muhogo, na gari lilikuwa dogo, la milango miwili na mlango wa tatu nyuma unaofunguka kwenda juu. Miaka yote lilikuwa likimletea magunia kutoka upande wa Nundu. Yaya hakulia. Alitazama kimoja, akatazama kingine, akasema injini ya gari ingali nzima na inakunywa mazuti, yaani dizeli, sawa na ile iliyokufa, basi itolewe huku ifungwe kule. Fundi wa magari wa mtaa wetu akakubali. Shida ilikuwa puli na mkanda, maana vingetoka Uvira, na barabara ya Uvira sina haja ya kuwaeleza. Fundi alisema mwezi mmoja, labda na nusu. Mwezi huo bamama wa mtaa wangebeba mabeseni yao hadi mashine ya upande wa pili wa mji, na yaya angekaa mlangoni kwake akiwatazama wanapita.

Hapo ndipo mimi nilipoliomba lile gari.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Miaka kumi na miwili nimeandika ubaoni kwamba kwa nguvu ileile, kitu chepesi hukimbia kuliko kizito, na sijawahi kusukuma kitu kizito kuliko meza ya darasa. Siku moja kwenye simu nikaona watu wa nchi za mbali wamechukua kagari kazee kama haka ketu, wameng'oa viti, mazulia, hata vioo, halafu kila mtu anazunguka uwanja peke yake, anashindana na saa tu. Nikashikwa, jamani. Sikulala vizuri. Na huku kwetu kila kiangazi watu wa pikipiki wana siku yao, kwenye kile kiwanja ambacho ndege hazitui tena. Wanapanga mapipa, mtu anazunguka mara tatu, na mzunguko wa tatu ndio unaohesabiwa kwa simu. Mwaka ule walisema hata magari yaje.

Nilimwambia yaya nataka kujua jambo moja tu: uzito ukitoka, zinatoka sekunde ngapi? Alinicheka mpaka akashika ukuta. Aliuliza kama hayo ndiyo serikali inatutuma tuwafundishe watoto. Kisha akaacha kucheka.

"Mudogo, bodi ni yako, cheza nayo," alisema. "Lakini injini ni ya bamama. Ikirudi na kikohozi, we usirudi."

Nikaapa. Naapa upesi, ni ugonjwa wangu.

Tulianza na gari kama lilivyokuwa, na takataka zake zote. Fundi alishika simu, mimi nikashika usukani, tukazunguka kiwanja kitupu mara tatu. Mzunguko wa tatu: dakika moja na sekunde ishirini na sita. Niliandika hesabu ile kwenye kiganja kwa kalamu, kama mwanafunzi anayejiandaa kuiba mtihani.

Sasa uzito. Gari unalipima wapi hapa mjini Baraka? Kilo ya mashine ya yaya, yaani mizani yake, inachoka kwenye gunia moja na nusu. Nilikaa siku mbili na karatasi, nachora mbao na mawe ya kupimia, nakasirika, nachana. Aliyenitoa ni mwenye boti mmoja, baba mnene sana, anayepakia mahindi kwenda bandari za kusini. Alisikia shida yangu akasema nilete gari ufukweni asubuhi, kabla ziwa halijaamka. Tulilipandisha kwenye boti yake juu ya mbao mbili, akachukua mkaa akachora mstari pale maji yalipofika ubavuni. Tukalishusha. Halafu wapakizi wakaanza kuingiza magunia ya mahindi, ya kilo mia mia, moja baada ya jingine, mpaka maji yakakaribia mstari. La tisa likazidisha. Wakalitoa, akaingia yeye mwenyewe, akakaa katikati. Maji yakagusa mkaa sawasawa.

"Gari yako iko magunia munane na muntu moja munene," alisema, na hakucheka hata kidogo.

Nilimuuliza nani alimfundisha. Akaniangalia kama nimemuuliza nani alimfundisha kutafuna. Mimi nina diploma, nimefundisha somo hilohilo miaka yote na picha ya beseni la kuoga, na hapa watu wanapima hivyo tangu babu zao. Niliona haya na nikafurahi kwa pamoja.

Tukaanza kung'oa. Viti vitatu vikatoka, tairi la akiba, jeki, mazulia, nguo za milango, kioo cha nyuma, dashibodi nzima, tukabakiza taa mbili zinazoning'inia kwenye waya. Chini ya zulia tulikuta mahindi yameota, meupe, marefu kama kidole, yanatafuta jua. Tulikuta kitana ambacho yaya alinituhumu kukiiba tangu sijaoa. Nilipima kila kitu kwenye kilo ya mashine, kipande kwa kipande. Jumla: kilo mia moja na sitini. Nilijiona bwana mkubwa.

Tukarudi ufukweni. Gari likapanda, mkaa ukachora, likashuka, magunia yakaingia. Manane yakatosha. Yaani tofauti ilikuwa yule baba peke yake, na yeye, hata baada ya kula, hafiki kilo mia.

Nikawaka. Nilimwambia mwenye boti kwamba mkaa wake umehama, kwamba magunia yake yana unyevu, kwamba boti yake inavuja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema maji hayana ndugu wala shemeji, hayamuongopei mtu, nikatafute mwongo mahali pengine. Fundi alikuwa amesimama pembeni anakagua kucha zake.

Nililala chini palepale kwenye mchanga, na shati la shule, nikaingiza kichwa chini ya gari. Kumbe! Kuanzia mbele mpaka chini ya miguu ya dereva kulikuwa na tole, yaani bamba nene la chuma, limechomelewa upya na vizuri, limekatwa kwenye boti moja ya chuma iliyoozea karibu na soko.

Hapa lazima niseme desturi ya fundi. Kila gari linaloingia kwake, liwe limekuja kwa breki au kwa redio, kwanza analivika tole chini ya injini. Haombi ruhusa wala hadai chochote. Ni kama mtu kunawa kabla ya kula. Mawe ya barabara ya Fizi yameua injini nyingi mbele ya macho yake, na yeye ndiye anayezizika. La kwanza la yaya lilikuwa limelika kwa kutu, kwa hiyo wakati mimi napunguza kwa mkono mmoja, yeye alikuwa anaongeza kwa mwingine, bila neno.

"Gari bila tole ni muntu bila suruali, mwalimu," alisema.

Nilimjibu vibaya, nikamwambia alitoe. Nilisema kiwanja si barabara, nilisema nitafagia kila jiwe, nilisema nani kati yetu anajua fizikia. Hilo la mwisho ningelirudisha kinywani kama ingewezekana. Alilikata tole siku ileile. Siku mbili zilizofuata alinisalimia kwa kidevu tu. Mimi nilienda kiwanjani na beseni nikaokota mawe kutoka pipa hadi pipa, na nikaridhika.

Siku yenyewe watu walijaa. Yaya alikuja na kitenge kipya, akageuza ndoo akakaa karibu na mstari. Pikipiki thelathini zilizunguka kabla yangu, na hilo sikulihesabu kwenye fizikia yangu: magurudumu yao yalichimbua ardhi na mawe mengine yakaibuka kutoka chini. Nilipoingia mzunguko wa kwanza nilikuwa napiga kelele peke yangu ndani ya bati lile. Gari lilikuwa jingine kabisa. Likiambiwa kata, linakata. Likiambiwa nenda, haliulizi kwa nini. Katika mzunguko wa pili, kona ya mbali, nilisikia pigo moja chini, ko!, chini ya miguu yangu.

Nilipopita mstari kuanza mzunguko wa tatu, moja ya zile taa mbili iliwaka. Ilikuwa nyekundu. Ilikuwa taa ya mafuta ya injini.

Nilijua maana yake. Nimeifundisha. Injini bila mafuta inajila yenyewe, na dawa ni moja, zima hapohapo. Nilikuwa na nafasi ya kuzima kabla ya kona ya kwanza, na ya kuzima kabla ya ile ya pili. Lakini nilikuwa naona kabisa kwamba mzunguko huu ni wa haraka kuliko wowote, na nilitaka ile hesabu. Nilijisemea ni nusu mzunguko tu. Kisha nikasikia chuma kinagonga chuma, moshi ukaingia, na gari likafa hatua kama ishirini kabla ya mstari.

Fundi aliingia chini akakaa muda mrefu. Jiwe lilikuwa limetoboa bakuli la mafuta, tundu kama sarafu. Lakini kilichomaliza ni mkono wa pistoni, ulikatika ukatoka kwa ubavu wa injini. Hiyo haichomelewi. Alitoka, akaniangalia mara moja, akaangalia taa iliyokuwa bado inawaka kwenye waya, kisha akamgeukia yaya akamwambia ni jiwe, mama, limeingia mara moja, hakuna dereva ambaye angeokoa. Tole hakulitaja.

Yaya aliinuka kwenye ndoo yake. Halafu alinipa mimi pole. Mimi! Alinifuta moshi usoni kwa ncha ya kile kitenge kipya, akasema tumshukuru Mungu halikuniua.

Pole ile niliibeba siku nane. Nilikuwa nakula kwake kila jioni. Siku ya nane puli na mkanda vikafika kutoka Uvira, vimefungwa kwa gazeti, na yaya akavisaini, akaviweka chini karibu na mashine iliyokufa. Nilimkuta amekaa anavitazama. Nikakaa naye.

"Taa iliwaka, yaya," nilisema. "Niliiona. Ningezima, injini ingepona."

"Ulikuwa umebakiza kiasi gani?"

"Mzunguko muzima. Niliiona pale mwanzo."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alikuwa anafikiri, na uso wake ulikuwa kama wangu ninapokwama kwenye hesabu.

"Na ile hesabu yako," aliuliza, "uliipata?"

"Hapana. Ilizimika mbele ya mstari."

"Bon, sawa," alisema.

Akasimama. Unga wake wa akiba ulikuwa umekwisha asubuhi ile. Alitwaa beseni la muhogo mkavu, akajitwisha, akatoka nje akaingia katikati ya bamama waliokuwa wanapita kuelekea mashine ya upande wa pili. Walimpisha nafasi kati yao. Nikamfuata, nikamuomba nimbebee. Hakunipa.