Mgeni Aliyelishwa Nyasi

Basi letu lilisimama Mikumi ili watu wale chakula cha mchana, nami nikashuka kunyoosha miguu. Nyuma ya nyumba moja ya wageni, pale wanapopanga kreti za soda, palikuwa na kizimba cha mbao, na ndani yake sungura mweupe mwenye doa jeusi sikioni. Mtoto wa mwenye nyumba alikuwa akimmegea chapati. Nikajikuta nimechuchumaa kando yake, na umri wangu huu, ninamwambia, "Mwanangu, mpe majani kwanza. Hiyo chapati kula mwenyewe." Akanitazama kama nimemnyang'anya kitu. Honi ikalia, nikarudi kwenye kiti changu, na toka hapo mpaka tulipoanza kupanda milima ya Kitonga sikuongea na mtu. Nilikuwa nimesharudi Ruhembe, kwa Bibi yangu.

Rafiki yangu, kama hukuwahi kuishi katika kijiji cha ujamaa, ngoja nikueleze kidogo. Nyumba zetu zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, karibu karibu, hata ukikohoa kwako jirani anakuuliza kama umepata dawa. Asubuhi kiligongwa kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa nje ya ofisi ya kijiji, na watu wazima walichukua majembe wakaelekea shamba la pamoja. Mashamba ya miwa yalianzia pale nyumba ya mwisho ilipokomea. Msimu wa kuchoma miwa, masizi yalituangukia juani tukianika nguo, na upepo ukigeuka ulituletea harufu ya sukari inayochemka. Sukari yenyewe katika duka la ushirika ilikuwa kama ndugu aliyehamia mbali, habari zake tulizipata, sura yake hatukuiona.

Bibi alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini na msimamo mkali kama pilipili. Hakuogopa simba waliokuwa wakivuka kutoka mbugani wakati wa kiangazi, wala nyoka wa kwenye miwa. Kitu kimoja tu kilimtisha duniani, nacho ni kusikia watu wakisema kwamba nyumbani kwake mgeni hakula vizuri. Angelala na njaa yeye, na mimi angenilaza nayo, lakini mgeni angetengewa wali. Na si yeye peke yake. Kwetu mgeni wa nyumba moja alikuwa mgeni wa mstari mzima. Jioni majirani walipita na sahani zilizofunikwa kawa, wakapiga hodi na kusema, "Hiki cha mgeni," kisha wakaondoka bila kukaa, ili usije ukadhani wamekuja kusaidia kula.

Sasa, mjomba wangu alikuwa akifanya kazi reli, Kilosa mjini. Likizo moja alikuja na tenga dogo mkononi, na ndani ya tenga palikuwa na sungura wa rangi ya majivu. Mama yangu alikuwa amekwenda mbali kusomea uuguzi, nami usiku nilikuwa nikimlilia, hivyo mjomba akaona aniletee kitu cha kunishughulisha. Alilitua tenga mbele ya Bibi akasema kwa utani wake, "Mama, nimekuletea mgeni kutoka Kilosa."

Utani ule ndio uliotuponza. Bibi alimtazama yule mnyama, akaona macho yake ya upole na pua isiyotulia, akasema, "Karibu, mgeni." Jina likawa hilo. Na chakula nacho kikawa cha jina hilo. Siku ileile Bibi alimtilia wali kwenye kisahani cha bati. Sisi tulikula ugali wa mtama.

Usicheke. Ungekuwepo na wewe ungeleta kitu. Jirani yetu wa ubavuni, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka mtoni, alileta ndizi mbivu zilizoiva mpaka zikatoka madoa. Wengine walileta viazi vitamu vya kuchemsha. Watoto wenzangu walimmenyea muwa na kumkatia vipande vidogo, wamevitoa maganda yote, maana mgeni hapewi kitu kigumu. Sungura alikula kila alichopewa. Alipokula, Bibi aliniangalia kwa furaha, nami nilijaa fahari, kwa kuwa hakuna mtoto mwingine pale kijijini aliyekuwa na mnyama anayekula wali.

Haukupita muda mrefu Mgeni akabadilika. Aliacha kurukaruka. Alikaa kona moja ya kizimba amejikunyata, tumbo limevimba na kukaza kama ngoma, akisaga meno polepole. Choo chake, ambacho mwanzo kilikuwa vidonge vikavu, sasa kilikuwa laini na kilimganda manyoya ya nyuma. Bibi alidhani hajapenda mapishi, akamwongezea wali na kuutia nazi. Mimi niliogopa. Niliweka kiganja tumboni mwake nikasikia joto na ugumu, na nilijua, kama mtoto anavyojua, kwamba huyu anakwenda kunifia. Nilikimbia kumwita mwalimu.

Mwalimu wetu wa kilimo alikuwa mwanamke kijana kutoka mkoa mwingine, na shuleni, kwa ajili ya elimu ya kujitegemea, alikuwa akitufundisha kufuga sungura katika mabanda tuliyojenga wenyewe. Alikuja jioni, kanga kiunoni, chaki bado vidoleni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mgeni wetu haoni raha."

Mwalimu alimshika sungura, akambonyeza tumbo taratibu, akamfunua mdomo akatazama meno. Kisha akakaa juu ya kigoda. Nilimwona anatafuta njia ya kupita.

"Bibi, huyu mmemkirimu kweli," alisema. "Ila tumbo lake si kama letu. Kwao chakula ni nyasi. Zile ndefu ndefu, mchana kutwa na usiku, ndizo zinazosukuma tumbo, na ndizo zinazosaga meno yake yasirefuke kupita kiasi. Juu ya hapo unampa majani kidogo, matembele, mchunga, hivi vya porini. Kiazi au ndizi, kipande kama ukucha, siku mojamoja. Na maji safi yasikosekane. Wali usimpe kabisa."

Bibi alikisogeza kando kile kisahani cha wali. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimtengee mgeni nyasi? Watu watasemaje?"

"Mpe hivyohivyo, Bibi. Na nyasi ziache kwanza umande ukauke."

Bibi alimsindikiza mwalimu mpaka njia kuu, akarudi. Kesho yake jua lilipokwisha kukausha majani, nilimwona anatoka na kikapu na mundu. Alikwenda mbali, kando ya mfereji, ambako hakuna anayepita. Aliporudi kikapu kilikuwa kimefunikwa kanga barabara, pindo zimeingizwa ndani, akitembea kwa haraka kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Tukaingia ndani, tukafunga mlango, ndipo akafunua. Nyasi. Nikacheka, akanifinya.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila asubuhi Bibi alikata nyasi kwa siri na kuzificha uvunguni, na Mgeni alikula chumbani, si uani, watu wasione. Mwanzo alizinusa akageuza uso, amezoea vitamu. Kisha akatafuna unyasi mmoja, halafu wa pili, na ile sauti ya meno yake, kruu kruu kruu, ilikuwa sauti nzuri kuliko redio ya mwenyekiti. Tumbo likaanza kulegea. Choo kikarudi kuwa vidonge, nami nikakitazama kwa shukrani ambayo leo naona aibu kuisimulia. Sahani za majirani, hata hivyo, ziliendelea kuja, na Bibi aliendelea kuzipokea kwa sababu chakula cha mgeni hakirudishwi. Nilizila mimi. Sungura alipungua, mimi nikanenepa.

Tatizo ni kwamba miaka ile kikapu kilichofunikwa kilikuwa kesi. Vitu vilikuwa vimeadimika, sabuni, chumvi, sukari, na kila mtu aliamini kuna mwenzake anayeficha. Mwanamke mzee anayetoka peke yake kila asubuhi na kurudi na kikapu kilichofunikwa, kisha anafunga mlango mchana, amejipalilia maneno mwenyewe. Wakaanza kunong'ona kisimani. Mjumbe wa nyumba kumi akaambiwa.

Kabla hajaja, likatokea lililo baya zaidi. Tulikuwa shamba la pamoja siku nzima, tukipalilia mahindi, na kwa haraka zetu tulimwacha Mgeni uani. Yule jirani wetu mwenye kicheko alipita, akaona kizimba hakina chakula zaidi ya majani, akamhurumia. Alirudi kwake akaleta wali wote uliobaki na ndizi tatu. Tulipofika jioni sungura alikuwa amelala ubavu, tumbo limerudi kuwa ngoma, hafumbui macho vizuri. Nililia mpaka nikakosa sauti. Bibi alimkanda tumbo kwa mkono wake mkavu, akimwinua, akimtembeza, akimpa maji kwa kijiko. Hakusali kwa sauti, lakini midomo yake ilikuwa inacheza.

Asubuhi Mgeni alikuwa hai, dhaifu. Bibi alikwenda kukata nyasi kama kawaida, na aliporudi alimkuta mjumbe amesimama mlangoni petu. Nyuma yake walikuwa majirani, wamejifanya wana shughuli pale njiani. Yule mama jirani naye alikuwepo, na mkononi ana sahani yenye kawa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba baba."

"Bibi, sikuja kwa ubaya. Ila kuna maneno juu ya hicho kikapu." Mjumbe alikuwa mtu mwema, na Bibi ndiye aliyempokea mikononi mwake siku alipozaliwa. Akashusha sauti. "Wewe niambie tu ni mboga, mimi niondoke zangu."

Nilimtazama Bibi. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yake. Mboga. Neno moja, na heshima yake ingebaki pale pale ilipo. Lakini aliitazama ile sahani mkononi mwa jirani, akageuka kunitazama mimi, macho yangu bado yamevimba. Akatua kikapu chini, akaivuta kanga.

"Ni nyasi," alisema kwa sauti ya kusikika mstari mzima. "Namlisha mgeni wangu nyasi. Wali wenu ni mtamu, Mungu awalipe, lakini yeye unamuua. Msimpe tena."

Mjumbe alikohoa, akashika kofia yake, akaaga. Yule jirani alisimama na sahani yake, uso umemshuka, kisha akageuka akaingia kwake. Kwetu kumwambia mtu chakula chake kinaua ni kumtukana mpaka mizimu yake. Kicheko chake hatukukisikia ukutani kwa muda mrefu. Kisimani watoto walimbandika Bibi jina, wakamwita Bibi Nyasi, na wakubwa wakaongeza kwamba uchoyo umemwingia uzeeni. Alipita katikati yao na ndoo yake kichwani, shingo imenyooka. Nyumbani alikaa kimya zaidi kuliko zamani, na baadhi ya jioni alitazama njia ambayo zamani zilikuja sahani.

Mgeni akapona. Alikula nyasi zake uani, mchana kweupe, na alikuwa nami mpaka nilipomaliza darasa la saba. Jirani naye mwisho alirudi. Siku moja tulikuta fungu la matembele mlangoni, yamefungwa kwa ugwe, hakuna hodi wala mtu. Bibi aliyanyanyua akayanusa, akatabasamu kidogo, akaniambia nimpelekee mama jirani chumvi.

Leo mstari ule haupo. Miwa imefika pale ilipokuwa ofisi ya kijiji, na watu waliobaki wamejenga mbalimbali, kila mmoja na ukuta wake. Hakuna tena anayekuja jioni na sahani kusema hiki cha mgeni. Wakati mwingine nawasikitikia wanangu kwa hilo, wakati mwingine naona wamepona kazi ya kuogopa midomo ya watu. Mimi nimepikiwa na wengi tangu miaka ile, nimekirimiwa katika nyumba nzuri, na nawashukuru. Ila aliyekubali kuitwa mchoyo mbele ya watu wote, ili mimi nisilie tena, ni Bibi peke yake.